Desemba ya Chewa na Desemba Yetu

Tata,

Nakuandikia kwa Kiswahili, usinicheke. Humu nyumbani baba na binti tulisema Kigusii tangu uji wa asubuhi mpaka sala ya jioni, lakini habari za bahari tulizisema kwa Kiswahili siku zote, kwa sababu hapa Nyaramba hakuna mtu aliyewahi kuhitaji jina la tumbawe. Na ninalotaka kukuambia leo linaanzia baharini, ingawa mimi mwenyewe sijawahi hata kulowesha kidole huko.

Ni Sabato, alasiri. Mvua ilipiga baada ya kanisa kisha ikanyamaza. Nimekaa kwenye kiti chako karibu na lango, nimevaa lile koti lako la mvua ambalo mikono yake inanifika vidoleni. Jikoni sufuria kubwa ya Mama imejaa. Kuna kuku wawili, kuna mboga za chinsaga nilizozilaza na maziwa mpaka uchungu ukatoka, kuna ugali wa wimbi, ambao hata ukilala haupotezi heshima. Vyote nilivipika jana kabla jua halijatua, kama Mama alivyotufundisha. Nimepika kana kwamba nyumba imejaa watu. Haijajaa. Nitakufikisha huko polepole, maana hata mimi sijafika vizuri.

Kwanza mazishi. Ulikuwepo lakini hukusikia.

Walikuja wote, Tata. Kaka Ombati alitoka Nairobi na mkewe na watoto. Mokaya alitoka Nakuru na wake. Dada Nyaboke alitoka Amerika, akashuka na miguu iliyovimba kama mikate kwa kukaa kwenye ndege. Tulikulaza upande wako wa boma, Mama yuko upande wake, na nyumba iko katikati yenu kama mila inavyotaka. Rafiki yako Athumani, nahodha wa boti yenu ya kazi, alisafiri kutoka Pwani na kofia yake nyeupe na shati la mikono mifupi. Baridi yetu ilimkamata mpaka meno yakawa yanagongana. Nilimpa blanketi akajifunika kama mgonjwa, lakini akakataa kwenda kukaa ndani mpaka udongo wa mwisho ulipotupwa.

Kabla ya hapo mzee wa kanisa alisimama kusoma wasifu wako. Akasema, "Ndugu yetu alikuwa mvuvi hodari. Samaki aliowavua kule Mombasa, nani awezaye kuwahesabu?" Watu wakaitikia amina. Mvuvi! Wewe uliyezeeka ukiwabembeleza wavuvi wawaache samaki wapumue, ukatukanwa, ukamwagiwa maji ya boti. Wewe ambaye kazi yako yote ilikuwa kushuka na mtungi wa hewa mgongoni kuwahesabu samaki haohao! Nilicheka. Nilijaribu kukimeza kicheko kikanitokea puani, mama mmoja akanikumbatia akisema lia mwanangu, lia. Nilipoinua macho nikamwona Athumani ndani ya blanketi, mabega yanamtikisika. Anacheka na machozi yanamchuruzika. Nilihisi upweke siku ile, lakini kwa dakika ile moja tulikuwa wawili.

Wala siwalaumu watu wa kwetu. Kila ulipokuja likizo walikuuliza sokoni, "Umetuletea samaki?" nawe ukawajibu, "Nimewaacha huko, wanawasalimu." Wao walijua samaki wa ziwa: omena, ngege, na mbuta anayefika huku vipandevipande. Mtu anayefanya kazi na samaki halafu anarudi mikono mitupu ni mchoyo au ni mwongo. Hata Mama, siku ulipomwonyesha picha ya chewa kwa mara ya kwanza, hakuuliza anaishi wapi wala ana ukubwa gani. Aliuliza swali la mwanamke Msabato: "Ana magamba?" Ukamwambia anayo, na mapezi pia. "Basi ni safi," akasema, akarudia maharagwe yake. Kwake habari za chewa zilikwisha hapo.

Asubuhi iliyofuata mazishi, hema likiwa bado limesimama, Ombati alituita nyuma ya nyumba. Alikuwa ameshika funguo zako. "Huyu Kwamboka atakaa hapa na nani?" akauliza. "Nyumba kubwa hivi, mtu mmoja. Tufunge. Majani ya chai tumpatie jirani achume, yeye akuje Nairobi, kwangu kuna chumba." Alisema kwa upendo, Tata, usimkasirikie. Nikasema hapana, hapa ndipo tunapokutania. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mtoto. "Tunakutana? Mara ya mwisho ilikuwa lini, tukiacha matanga?" Mokaya ndiye aliyeleta suluhu. "Tuone Desemba. Tukikuja, nyumba ibaki wazi. Tusipokuja, tufunge, hakuna maneno." Tukakubaliana hivyo, mbele ya kaburi bichi. Nyaboke akasema yeye atakuja hata kama ni kuogelea.

Kwa hiyo sasa unajua kwa nini nimekaa langoni.

Uliniambia kwamba chewa ni samaki mpweke. Mwaka mzima anakaa peke yake kwenye pango lake la matumbawe, ngozi ya madoa ya kahawia usiyoweza kuitofautisha na jiwe, na lile domo analolifungua mara moja chakula kikaingia kizima. Anakua polepole. Anachelewa kuzaa. Huanza maisha akiwa jike, na baadhi yao wakishakuwa wakubwa hugeuka madume. Mama alikataa katakata kuamini hilo, akasema hayo ni mambo ya Pwani. Kisha, kwa siku chache tu mwishoni mwa mwaka, mwezi unapoandama, kila mmoja anatoka pangoni kwake na kusafiri mpaka mahali pamoja kwenye mwamba, palepale walipokutana waliomtangulia. Hutaga, mayai yanachukuliwa na mkondo, halafu kila mmoja anarudi kwenye upweke wake. Nilikuuliza wanapajuaje. Ukasema hakuna ajuaye kwa hakika, ila wewe ulidhani wadogo huwafuata wakubwa mpaka njia iwaingie kichwani.

Na wavuvi nao wanapajua. Hilo ndilo lililokukosesha usingizi. "Ukimvua chewa siku ya kawaida umevua mmoja," ulisema. "Ukimvua siku ya mkutano umevua na wajukuu." Wakubwa wakiisha, wadogo hawana wa kumfuata, na mahali panasahaulika ingawa jiwe bado liko. Ndiyo maana wataalamu wamemweka kwenye daraja la walio hatarini kutoweka. Ulilitaja daraja hilo kwa sauti ya daktari anayezungumza na jamaa wa mgonjwa nje ya wodi.

Lakini ngoja niseme, Tata, maana sasa huwezi kunikatiza. Mwishoni mwa mwaka, mwezi unapoandama. Yaani Desemba! Sisi Wasabato hatuna makuu na Krismasi, lakini Desemba ni Desemba, kila Mgusii anarudi kwao, na kila boma linafuka moshi. Letu lilikuwa na watu wote isipokuwa wewe. Wewe ulikuwa chini ya maji unahesabu chewa waliorudi kwao. Mama alikuwekea paja la kuku kwenye bakuli lenye mfuniko. Kesho yake akalila mwenyewe, akaweka jingine. Ulifika Januari na halua iliyoyeyuka kwenye karatasi, wakati Ombati, Nyaboke na Mokaya wamekwisha kurudi shule za bweni. Nikabaki mimi kitindamimba, nakula halua yote na kusikiliza hadithi. Ndiyo sababu mimi nawajua chewa na wenzangu hawawajui. Wao wanakijua kiti kitupu. Nilimpenda huyo samaki kwa sababu ndiye aliyekuwa kinywani mwako, na nilimchukia kwa sababu hiyohiyo.

Aliyetukusanya ni Mama. Kuanzia Novemba simu haikutoka sikioni. Alibembeleza, alitisha, aliwaambia ana homa hali hana. Nilipoacha kufundisha mjini Kisii nikarudi kumuuguza, nikapata kazi shule ya hapa chini, nilidhani ni kwa muda. Alipofariki, Desemba ya kwanza walikuja wote. Iliyofuata Nyaboke akakosa. Kisha Mokaya naye akaja Januari, "kukwepa msongamano." Wakati huo wewe ulikuwa umestaafu. Ulirudi nyumbani kuja kukaa kwenye mkutano wetu, na mkutano wenyewe ndio unapungua.

Ulikaa hapahapa nilipokaa mimi. Mkononi ulishika kile kibao chako cheupe cha plastiki, cha kuandikia chini ya maji, na penseli yake iliyofungwa kwa uzi, umhesabu kila mtoto wako atakayeingia langoni. Nilifikiri unatania. Ulinifundisha kanuni zako kana kwamba nitaajiriwa kesho: usimhesabu samaki anayekuja kutoka nyuma yako, usimhesabu mmoja mara mbili, na usimfukuzie. Tulia. Samaki akikuona umetulia atakuja mwenyewe. Nikachukua simu nimpigie Ombati, ukanizuia. "Usiwapigie. Utawakimbiza."

Hapo ulikosea, Tata. Nakwambia kwa heshima. Watu huitwa. Mama alilijua hilo bila kushuka chini ya maji hata siku moja.

Nadhani mwishowe hata wewe ulilijua. Kuna jioni tulikuwa tunapukuchua mahindi, redio imezimwa, ukasema bila kuniangalia, "Nilihesabu wasio wangu." Nilitaka kusema kitu. Kwamba kama si wewe nani angewahesabu, kwamba tulikusamehe, kwamba halua ilikuwa tamu. Nikainuka kuchemsha chai, na niliporudi ulikuwa unazungumzia bei ya mbolea. Ninakumbuka gunzi ulilokuwa umelishika, umelipukuchua likaisha na bado unaendelea kulisugua kwa kidole gumba.

Hadithi niipendayo kuliko zote ni ya safari yako ya mwisho kazini. Wazee wa wavuvi walikuwa wamekubali hatimaye kupaacha pale mahali pa mkutano katika miezi ile, baada ya miaka ya kubembelezana, na wewe ulishuka kwenda kuona kama bado kuna wa kulindwa. Mwezi umeandama. Maji ni safi. Ukafika kwenye jiwe lile ambako ulipokuwa kijana uliwakuta wamejaa hadi ukashindwa kuhesabu. Palikuwa na chewa mmoja. Mkubwa, ametulia kwenye mchanga kando ya jiwe, mapezi yanapepea kidogo tu. Hakukimbia. Ukakaa naye. Ulizunguka, ukarudi, ukatazama kila pango, ukakaa naye tena mpaka hewa ikakaribia kuisha. Ulipoibuka, Athumani alikuwa na penseli tayari. Aliuona uso wako akauliza, "Niandike sifuri?" maana mmoja si mkutano. Ukamwambia hapana. "Andika moja. Sifuri ikishaandikwa hakuna mtu atakayerudi kutazama."

Nilikuuliza yule samaki alikuwa anangoja nini. Ukacheka. Ukasema samaki hangoji, anafuata mwezi na maji yalivyo, tusimvishe kanzu yetu. Kisha ukaongeza, "Lakini alikuwepo."

Sasa nikuambie ya leo.

Nimewapigia simu tangu Novemba, kama Mama. Nilibembeleza. Homa sikusingizia, ila nilifika karibu. Mwezi umeandama juzi. Asubuhi kabla ya kanisa Ombati akapiga: wakwe zake wana shughuli yao, mke ameshasema, "Si unaelewa, Kwamboka?" Naelewa. Nyaboke ametuma sauti kwenye simu. Amepangiwa zamu juu ya zamu katika nyumba ya wazee anakofanya kazi. "Nalisha wazee wa watu," akasema, "na wangu..." halafu ikakatika, sijui ni mtandao au ni yeye. Mokaya hashiki simu. Inaita, inaita, inakatika. Nimejaribu tena mvua ilipokwisha.

Na Athumani alipiga jana. Sasa yeye ananipigia mimi habari za huko, kama vile nimerithi cheo. Wameshuka pale kwenye jiwe lakini mito imemwaga matope, hawakuona hata viganja vyao. Nikamuuliza ameandika nini. Akasema ameandika kama ulivyowafundisha: maji yakiwa machafu huandiki sifuri, unaandika haikuhesabika. Watarudi maji yakitulia. Kwa hiyo Mokaya naye nimemwandika hivyo hivyo kichwani mwangu. Hakuhesabika.

Tangu saa saba nasikiliza barabara. Kila gari linalopunguza mwendo kwenye kona nanyanyuka, mimi mwalimu mzima ninayewakaripia watoto kwa kuchungulia dirishani. Gari moja lilisimama kabisa. Nilikwisha kushika komeo la lango. Lilikuwa limekuja kwa jirani, watu wakashuka wakicheka, wakaniamkia kwa sauti, nami nikawapungia kwa mkono wa koti lako. Nikarudi kukaa. Kiti kilikuwa kimeloa kidogo.

Nimekukosa, Tata. Hilo tu. Naweza kulizunguka kwa habari za samaki mpaka kesho, lakini hilo ndilo lililonikaa kifuani. Nimekukosa asubuhi ninapomimina uji mabakuli mawili. Nimekukosa ninapochuma majani mstari wa juu na hakuna anayenipigia kelele kwamba nachuma majani mazee. Nyumba hii ina sauti ambazo sikuwahi kuzisikia ulipokuwepo: bati linavyokunjuka jua likichomoza, panya darini, saa ya ukutani. Ombati amesema kweli, ni kubwa kwa mtu mmoja. Chumba cha Nairobi kina watoto mlangoni. Nimekifikiria, sikufichi. Leo mchana nimekifikiria sana.

Kesho atapiga kuuliza. Mkataba ni mkataba, tuliuweka mbele yako, na hawakuja. Wakishafunga nyumba hii, majani yatachumwa na mwingine, lango litashikwa na kutu, na watoto wa Ombati watakua wakijua kwamba kwao ni ghorofa ya tatu. Hata wakitaka kurudi siku moja, watamfuata nani?

Jua linashuka nyuma ya migomba. Sabato inaisha. Nimeingia ndani nikakitungua kibao chako kutoka kwenye msumari wa jikoni. Kilikuwa na alama za penseli za Desemba yako ya mwisho. Mbili, mimi na Mokaya aliyefika akalala usiku mmoja. Sikuzifuta. Nimeandika chini yake.

Chakula nitampelekea mama Bosibori, jirani wa hapo chini, ana wageni wengi na sufuria ndogo. Chinsaga nitabakiza, hizo ni zangu. Mwezi ujao mwambie Mungu ayasafishe maji ya Athumani, kama huko mnaruhusiwa kuomba vitu vidogo. Kwa Mokaya nitaendelea kupiga mpaka ashike. Na lango nitalipaka mafuta.

Lala salama, Tata, upande wako. Ombati akipiga kesho nitamwambia Desemba imefanyika, tumehesabu, na amekuja mmoja. Aandike moja. Mwakani mwezi ukiandama nitakuwa hapahapa kando ya jiwe letu, ili atakayekuja aone pa kusimama.

Binti yako,
Kwamboka